Precision au Jazz: besi moja ya ukumbini na ya studio

SWALI

Kaka mshauri, salaam.

Mimi ni mpiga besi, naishi Morogoro. Ijumaa na Jumamosi nipo na bendi ya dansi yenye gitaa la solo, gitaa la ridhim, kinanda, tarumbeta mbili, drami na tumba. Jumapili napiga na kwaya kanisani. Siku hizi kuna studio mbili zinaniita kurekodi injili na bongo fleva. Besi ninayotumia ni ya kuazima na mwenyewe ameanza kuidai.

Akiba yangu inatosha gitaa moja tu. Nimepata mawili ya mtumba, yote magitaa ya besi ya chapa ya Squier Classic Vibe na bei zinakaribiana: moja ni la aina ya Precision, jingine ni Jazz. Prodyuza anasema nichukue Precision. Wenzangu wa bendi wanasema Jazz, kwa sababu ina pikapu (kinasa mtetemo kilicho chini ya nyuzi) mbili na Precision ina moja, kwa hiyo Jazz inafanya kazi zaidi. Niliijaribu ile Jazz ukumbini. Pikapu zote mbili zikiwa wazi ilitulia, lakini nikibaki na ya nyuma peke yake ilivuma sana hata kabla sijagusa uzi. Ile Precision haikuvuma, ila shingo yake ni pana na mimi mkono wangu ni mdogo. Tena kwaya wanapenda nichape nyuzi kwa kidole gumba, na nasikia Precision haichapiki.

Nichukue ipi? Ule mvumo ni ubovu? Na je, nitafute ile yenye pikapu za aina zote mbili, P na J, niwe nimemaliza?

Mpiga besi, Morogoro

JIBU

Kaka wa Morogoro, salaam nyingi.

Chukua Precision, isipokuwa kama mkono utakataa kabisa. Bendi yako imejaa vyombo na ukumbi wenu una umeme wa kelele. Kwa hali hizo mbili Precision inakupa sauti inayosikika bila kukupa kazi ya kuisaka.

Tuanze na mvumo. Gitaa ile si mbovu. Kila pikapu ya Jazz ni koili moja ya waya mwembamba iliyozungushwa kwenye sumaku, na koili moja hunasa mtetemo wa uzi pamoja na uga sumaku wa umeme uliopo karibu: transfoma ya amplifaya, taa, nyaya za ukutani. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo unachosikia ni sauti nzito ya 50 na nyingine ya 100 juu yake, palepale besi inapoishi. Pikapu mbili za Jazz zimezungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa, ili vitufe vyote viwili vya sauti vikiwa juu kabisa mvumo wa moja ufute wa nyingine. Ukipunguza kimoja, au ukabaki na ya nyuma peke yake, kinga hiyo imeondoka. Ndicho kilichokutokea.

Precision imelitatua jambo hilo ndani ya pikapu yake. Gitaa lenyewe mtengenezaji magitaa Leo Fender alilitoa mwaka 1951 kule California, lakini pikapu iliyogawanywa vipande viwili ilikuja 1957. Kipande kimoja kinasikiliza nyuzi za E na A, kingine D na G, na vimegeuziana kama zile mbili za Jazz. Mvumo unafutika muda wote, hata ukizungusha kitufe gani. Kwa hiyo wanaosema Precision ina pikapu moja wanasahau kwamba moja hiyo ni koili mbili, na kila koili ina kazi yake.

Usidanganyike kwamba mkanda wa shaba utaiponya ile Jazz. Mkanda ukibandikwa vizuri ndani ya mashimo ya pikapu na ya vitufe, ukaungwa na waya wa ethi, unapunguza ule mkwaruzo mwembamba unaopungua ukishika nyuzi. Mvumo wa uga sumaku unapita kwenye shaba kana kwamba haipo. Dawa yake ni kugeuza mwili wako mbele ya amplifaya hadi upate upande wa kimya, au kusogea mita mbili tatu, au kununua pikapu za Jazz zenye koili mbili ndani ya kasha lilelile. Hiyo ya mwisho ni gharama juu ya gharama ya gitaa.

Na hapa nasisitiza sana: mtu asikate pini ya ethi ya plagi ya amplifaya ili kuua mvumo. Ukishika nyuzi huku mdomo unagusa maikrofoni iliyounganishwa na mikisa ya upande mwingine, mwili wako unakuwa njia ya umeme. Kama kelele inaanza pale kebo ya mikisa inapochomekwa, tumia kisanduku cha DI (kinachopeleka sauti ya gitaa moja kwa moja kwenye mikisa) chenye swichi ya kukata ethi kwenye kebo ya sauti. Ethi ya umeme iachwe mahali pake.

Sasa hoja ya wenzako. Wakiwa chumbani na besi peke yake, wako sahihi kuipenda Jazz. Pikapu mbili zikiwa wazi, uzi unasikilizwa sehemu mbili tofauti, na baadhi ya mitetemo inayofika kwenye pikapu ya mbele ikipanda inafika kwenye ya nyuma ikishuka, inafutana. Inayofutika zaidi ni sehemu ya sauti za kati. Kinachobaki ni chini pana na juu kung'avu, na sikio linafurahi. Ukiingia ukumbini na drami, tumba, magitaa na tarumbeta, hiyo sehemu iliyofutika ndiyo uliyokuwa unaihitaji.

Uzi wa E ukiwa wazi unalia mizunguko 41 kwa sekunde. Spika nyingi za kumbi zetu haziitoi 41 kwa nguvu ya maana. Msikilizaji anausikia kupitia sauti za juu yake, 82, 123, na kuendelea, na anautambua kama noti fulani kwa yale yaliyo kati ya 200 na 800 hivi. Simu yenye spika ndogo ndiyo kabisa, chini ya 200 karibu hakuna kitu. Mpiga besi ambaye sauti zake za kati zimefutika hugeuza amplifaya juu, ukumbi unaanza kunguruma, fundi mitambo anamshusha kwenye mikisa, na bado hakuna anayesikia noti. Precision ina nyama nyingi eneo hilo bila kubembelezwa. Ndiyo sababu prodyuza wako anaitaka: kwenye wimbo wenye kinanda na sauti za kwaya, anaiweka mahali pake na kusonga mbele.

Jazz nayo ina ujanja wake. Ukishusha pikapu ya mbele kidogo, robo tu ya mzunguko, sauti za kati zinarudi na besi inasogea mbele, ila na mvumo unarudi. Kwenye umeme safi, na bendi yenye watu watatu au wanne, ningekushauri vingine. Mpiga besi Jaco Pastorius alipata ile sauti yake ya kuimba kwa Jazz ya 1962 isiyo na freti (vile vyuma vya kukatiza shingo), akiegemea pikapu ya nyuma. Mpiga besi Marcus Miller amechapa Jazz ya 1977 kwa miongo. Wala Jazz haikosi uzito ikitaka: Aston Barrett wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, alikuwa na Jazz, na hakuna anayelalamika kwamba besi ile ni nyembamba. Ungekuwa mtu wa kuchapa na kupiga solo za besi wiki nzima, jibu langu lingebadilika.

Kuchapa kwa gumba kwenye Precision kunawezekana. Weka nyuzi mpya za nikeli zenye mikunjo, fungua kitufe cha toni chote, na upige pale shingo inapoishia. Mlio utakuwa mzito zaidi, usio na ule ukali wa kioo wa Jazz, lakini kwa kwaya unatosha na unakaa vizuri chini ya sauti za waimbaji. Shida hutokea mtu anapochapa Precision yenye nyuzi za mwaka mzima na toni nusu, kisha akalaumu gitaa.

Mkono. Chukua rula uende nayo. Pale juu, nyuzi zinapotoka kwenye vichwa kuingia shingoni, Jazz ina upana wa milimita 38. Precision za sasa nyingi zina kati ya 41 na 43, na mtindo wa zamani una 44.5. Tofauti ni milimita tatu hadi sita na nusu, na inazidi kupungua kadiri unavyoelekea kwenye mwili wa gitaa. Urefu wa uzi ni uleule kwa zote mbili, sentimita 86.4, kwa hiyo kama Jazz unaifikia, umbali wa freti si kisingizio. Kaza mkanda wa gitaa, likae juu ya mkanda wa suruali, kidole gumba kiwe nyuma ya shingo badala ya kuchungulia juu, na kuanzia freti ya kwanza hadi ya tano tumia kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho, ukiacha cha pete kimsaidie cha mwisho. Piga hivyo dakika 20 mfululizo dukani. Misuli ikichoka ni kawaida. Kiungo cha kidole gumba au kifundo cha mkono kikiuma, liache gitaa hilo. Hakuna sauti inayostahili mkono uliovimba. Katika hali hiyo, tafuta Precision yenye shingo nyembamba, zipo, au chukua Jazz na ukubali kupiga vitufe vyote viwili vikiwa juu.

Kuna wanaofunga shingo ya Jazz kwenye mwili wa Precision. Kwa kawaida inaingia, kwa sababu kitako cha shingo zote mbili ni milimita 63.5, lakini matundu ya skrubu hayalingani kila wakati baina ya viwanda. Pima kabla ya kulipa.

Kabla hujatoa hela, likague gitaa lenyewe. La mtumba linaweza kuwa na jina zuri na shingo iliyopinda. Tazama shingo kutoka chini kuelekea juu, kama unavyokagua mbao. Mstari wa upande wa E na wa upande wa G lazima upinde sawasawa. Ikiwa mmoja unapanda na mwingine unashuka, shingo imejisokota na hakuna fundi atakayeirudisha kwa bei ya kawaida. Chomeka alenki kwenye chuma cha ndani ya shingo na ukigeuze robo tu: kikizunguka bila ukinzani wowote, au kikigoma kabisa, ondoka. Kisha piga kila freti ya kila uzi, moja moja, bila amplifaya. Kwenye uzi wa G, kati ya freti ya tano na ya saba, noti nyingi za magitaa ya aina hii hufa mapema kuliko majirani zake. Ni tabia ya shingo za mbao zenye urefu huu, Precision na Jazz zote. Ikififia kidogo, vumilia. Ikikatika kabla hujamaliza kuhesabu moja, chagua nyingine.

Ukiwa na mita ya umeme, chomeka kebo kwenye gitaa, fungua vitufe vyote, pima kati ya ncha na shina la jeki ya upande wa pili. Precision husoma karibu kilo-ohm 10 hadi 11, Jazz yenye vitufe vyote juu husoma 3.5 hadi 4, kwa kuwa pikapu zake zimeungwa sambamba. Jazz ikikusomea 7 au 8 vitufe vyote vikiwa juu, pikapu moja imekufa. Precision isiposoma pikapu kabisa, waya umekatika mahali, maana koili zake zimeungwa mfululizo na moja ikikatika zote zinanyamaza.

Ukishalileta nyumbani, lirekebishe kabla ya kulihukumu. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ile ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha angalia nafasi kati ya uzi na freti ya nane: milimita 0.3 ni nzuri. Kutoka juu ya freti ya 17 hadi chini ya uzi, E iwe 2.4 na G iwe 2. Wewe unapiga kwa nguvu ukumbini, kwa hiyo ukisikia nyuzi zinagonga freti ongeza nusu milimita bila aibu. Pikapu usiikaribishe mno. Ukibana freti ya mwisho, acha milimita 3 upande wa E na 2.5 upande wa G. Sumaku ikikaribia sana inauvuta uzi, noti zinafifia haraka na za juu hazikai kwenye tyuni. Rudia kukagua shingo msimu ukibadilika, na ukisafiri kutoka Dar es Salaam penye unyevu kwenda Dodoma penye ukavu ipe siku mbili kabla hujagusa alenki.

Studio. Ingiza gitaa kwenye tundu la kadi ya sauti lililoandikwa Inst au Hi-Z. Tundu la kawaida la kinanda litakulia sauti za juu. Kebo iwe fupi, mita tatu hadi tano, kwa sababu gitaa lisilo na betri hupoteza trebo kadiri kebo inavyorefuka. Noti zako kali zaidi ziishie karibu na alama ya desibeli −10, usiikaribie sifuri. Toni ianzie katikati. Omba mkondo mkavu urekodiwe usiochakatwa, hata kama mnasikiliza kupitia amplifaya. Ukirekodi na trebo iliyokatwa tayari, hairudi. Tyuni kabla ya kila rekodi.

Kwenye kuchanganya, ongea na prodyuza kuhusu ngoma ya mguu. Ikiwa nzito yake iko kwenye mizunguko 60, besi iinuliwe kwenye 90 hadi 100. Ikiwa ngoma iko 90, wewe shuka. Mkiwekwa wote mahali pamoja, kila mmoja anamla mwenzake na wote wawili wanaonekana dhaifu. Kata kila kilicho chini ya 30, hakuna noti yako huko. Kompresa (kifaa cha kubana sauti zilizo kubwa) iwe ya 4 kwa 1, ianze kubana baada ya milisekunde 20 au 30 ili mguso wa kidole upite, na ibane si zaidi ya desibeli 6. Besi isiposikika kwenye simu, msiongeze sauti za chini, ongezeni desibeli 2 au 3 kati ya 700 na 1,000.

Ukitaka kwenda mbali zaidi na rekodi, nyuzi bapa zisizo na mikunjo. Mpiga besi James Jamerson alirekodi nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit kwa Precision ya 1962 yenye nyuzi nzito za aina hiyo, na sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa. Wewe huna gitaa la pili, kwa hiyo usiziweke, zitakuua kwenye kuchapa Jumapili. Baki na nyuzi za nikeli zenye unene wa 45 hadi 105, na kipande cha sponji cha kuoshea vyombo, chenye unene wa sentimita mbili, ukichomeke chini ya nyuzi mbele ya daraja siku ya studio. Shusha toni hadi robo na upige kwa nyama ya kidole karibu na shingo. Utafika mahali karibu sana, na baada ya dakika tano sponji iko mfukoni.

Kuhusu gitaa la P na J pamoja: kwa bei za chini silipendi. Pikapu ya J ya nyuma mara nyingi ni dhaifu kuliko ya P, ina koili moja kwa hiyo ukiigusa tu mvumo umerudi, na zikifunguliwa zote mbili unapata tena lile shimo la sauti za kati. Wengi wanaishia kuifunga J na kupiga P peke yake. Yenye J ya koili mbili ni jambo jingine, na bei yake ni nyingine.

Kitakachobaki mfukoni kinunue kisanduku cha DI na kebo moja nzuri, kabla ya nyuzi za akiba. Nyuzi zako za nikeli zikichoka, zichemshe kwenye maji dakika kumi, uzikaushe kabisa kwa kitambaa kisha juani, na uzirudishe. Mng'ao unarudi kwa shoo chache, unaokoa Jumapili mbili tatu. Ukizichemsha mara ya pili huwa zinaanza kutotulia kwenye tyuni, na hapo nunua seti mpya.